Mwikwabe Anachezeshwa Mwizi

Mwikwabe ni jirani yangu hapa Nyakunguru. Mtu mrefu, mweusi tii, na shavuni ana kovu la jiwe lililomrukia shimoni anakochimba dhahabu. Ni mpole, hata kuku anachinjiwa. Lakini watu wa filamu wakimuona tu, "Huyu huyu!" Wazungu walikuja Serengeti wakampa bunduki, awe muasi. Wabongo wakamfanya jambazi, halafu mume wa Kikurya anayepiga mke. Kote huko haongei. Ananguruma, anakufa.

Yeye alitaka kucheza baba. Baba wa kawaida tu, anayemuuliza mtoto habari za shule.

"Kaka Godwin, mimi naongea vizuri," alimwambia dairekta kutoka Dar.

"Kwa sura hiyo? Mtoto si atazimia!" Watu wakacheka. "Nichezee huyu mwizi wa ng'ombe kwanza. Ya baba nitakupa."

Tukaenda Kenyamonta kurekodi, mimi nikamsindikiza. Mwikwabe anaswaga ng'ombe, panga mkononi, na Boke, anayecheza mwenye boma, anapiga yowe. Boke akapiga kidogo kidogo.

"Dada, unaita kuku? Piga kama kweli!"

Mwikwabe akasema, "Kaka, huku yowe halipigwi kwa mchezo. Watu watakuja."

"Mwenyekiti wa kijiji anajua. Wewe kimbia."

Mwenyekiti alijua, ila wanaume wa ng'ambo ya mto hawakujua. Boke alipopiga lile lenyewe, kule likapokelewa, wakavuka na marungu. Kamera ilikuwa kichakani, hawakuiona. Waliona jitu jeusi lenye panga linaondoka na ng'ombe za watu.

Mwikwabe akatupa panga. "Ni filamu! Jamani, ni filamu!"

Nani amsikilize? Mpaka tunawafikia, goti lake lilikuwa limesagika. Na Godwin hakuzima kamera.

Ile filamu imetoka. Kwenye kibanda cha video watu wanasimama kushangilia akipigwa. Sauti yake wameifuta, wameweka muziki.

Juzi Godwin alikuja kumuona. Gati, mke wa Mwikwabe, akamuuliza hata kabla hajakaa, "Shemeji, umeleta ile ya baba?"

"Nimeleta ya ombaomba. Kwa mguu ule hata hahitaji kuigiza."

Gati akamwambia atoke. Mimi nilishasimama, nimtoe mwenyewe. Mwikwabe akanishika mkono. Shimoni hawezi kushuka tena, na watoto wapo.

"Mnaanza lini?" akamuuliza Godwin.