Mashati tatu kwa Konsolata

Wandugu, leo nilivaa mashati tatu chini ya koti, na jua la Uvira munalijua.

Shauri ilikuwa ya binamu yangu Aloizi, karani wa pamba: "Weye iko mwembamba sana. Mwanamuke anapenda kifua cha muntu anayekula."

Basi nikafika kwa Konsolata kumuposa. Mama yake akaona jasho, akakimbia kunitafutia kinini. Alizani ni malaria!

Konsolata akacheka. "Kila juma nikikuja kununua ndagala, nakuonaka unavuta wavu kifua wazi. Leo unaficha nini?"

Nikamutaja Aloizi.

"Aloizi? Mwaka jana alipokuja kuniposa, yeye alivaa mashati ine."

Sasa munisaidie, wandugu. Mbili kati ya zile mashati ni zake. Nimurudishie nikisema nini?