Chini ya Nyasi Kulikuwa na Matofali

Kuna siku moja ambayo mguu wangu wa kushoto unaikumbuka kuliko ninavyoikumbuka mimi. Kila baridi ya Juni inaposhuka hapa Kasulu, kifundo kinaanza kuuma, nami narudi Makere, juu ya tanuri la matofali la Babu, nikiwa na miaka kumi na saba na ujuaji mwingi kupita kiasi.

Jofu mwanangu, usicheke kwa kuitwa mwanangu. Nimekuzidi miaka kumi na mbili tu, lakini mdogo wa mama yako ni mama yako, na kwa cheo hicho dada amenituma kazi. Alinipigia simu akasema, "Wewe ndiye msomi, mwandikie mwanao. Mwambie mambo ya kuruka kuta ni uhuni wa kwenye gemu, aache." Nikamuuliza amejuaje kuwa ni uhuni. Akanijibu, "Ona sasa, na wewe umeanza."

Ndiyo, nimeanza. Video uliyonitumia nimeitazama mara sita. Umesimama juu ya ukuta wa lile godauni la zamani pale Kibondo, unaonyesha paa la jirani kwa kidole, unasema Jumapili utalirukia mbele ya wenzako. Leo ni Jumatatu. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaweka mguu popote.

Zamani hizo palikuwa na banda la gemu karibu na stendi ya Kasulu. Nilikuwa msichana pekee mle ndani. Siku ya kwanza wavulana waliniambia, "Dada, saluni ni mlango wa pili." Nikakaa. Kulikuwa na gemu moja ya kijana anayekimbia juu ya mapaa ya mji mkubwa, anapita kwenye kuta kama wewe unavyopita uwanjani. Akifika mwisho wa paa anajitupa, anatua kwenye lundo la nyasi, anajipangusa, anaendelea. Akikosea anakufa, halafu baada ya sekunde tatu yuko hai palepale alipoanzia. Nikaambiwa mchezo huo upo kweli duniani, unaitwa parkour. Nikaamini kwamba nimeshauona.

Ujue nilikuwa mtu wa kubishana na kila mtu. Mwalimu akisema jambo, nilitaka kujua nani kalithibitisha. Katekista alikuwa akiniona napita anabadili njia. Lakini ile gemu sikuihoji hata siku moja. Nadhani ni kwa sababu haikuniamuru chochote. Ilinifurahisha tu, na kumbe kinachotufurahisha huwa tunakiacha kipite bila kukikagua.

Likizo ikafika, nikaenda Makere kumsaidia Babu. Alikuwa anafyatua matofali ya kumjengea Bibi jiko jipya. Unaijua kazi ile. Matofali mabichi yakishaanikwa kidogo, unayapanga safu juu ya safu, kisha unayafunika kwa nyasi nene ili jua lisiyapasue na mvua isiyalowanishe. Nyasi zile nilizikata mimi mwenyewe. Nilizibeba kichwani, nikazitandaza kwa mikono yangu.

Siku ya tatu nilipanda juu ya tanuri lililokuwa limepangwa kusubiri kuchomwa. Nikatazama chini nikaona lundo la nyasi, la mviringo, la manjano, limekaa vilevile kama kwenye gemu. Nikanyoosha mikono pembeni kama yule kijana. Nikaruka.

Sitakusimulia maumivu. Nitakusimulia Babu. Alikuja polepole, akaukagua mguu, akakata vijiti akaufunga, akatuma mtu atafute pikipiki ya kunipeleka hospitali. Kisha akakaa chini kando yangu.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "nyasi hizi nani alizikata?"

"Mimi, Babu."

"Ukaziweka juu ya nini?"

"Matofali."

"Sasa hayo matofali nani aliyatoa?"

Nilikuwa nalia, lakini nilicheka. Yeye hakucheka. Alisubiri jibu kweli. Kisha akasema, "Si ungetia mkono kwanza." Basi. Hakurudia tena, wala hakumlaumu mtu wa gemu.

Swali la Babu sijalijibu hadi leo, na ninalitafakari kuliko mitihani yote niliyofanya chuo kikuu. Nilijua kuna matofali. Mikono yangu ilijua. Ilikuwaje macho yakaja na habari nyingine, mikono ikanyamaza? Ningekuwa mgeni ningesema sikujua. Picha niliyoiona mara mia ilishinda kitu nilichokifunika kwa mikono yangu juzi yake.

Sehemu ya pili ndiyo asiyoijua mama yako.

Wiki tatu baadaye, mguu ukiwa ndani ya plasta ngumu, nilikuwa nimekaa nje ya mashine ya kusaga palepale Makere siku ya soko. Palikuwa na kijana wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi, jina lake Fiston, ambaye alikuja sokoni na mama yake. Alikuwa anapanda ngazi mbili za saruji za pale mashineni, anaruka chini, anapanda, anaruka. Ngazi mbili tu. Asubuhi nzima. Aliponiona akaniuliza, "Dada, ni weye ule aliruka mu majani?" Habari zilikuwa zimefika mbali.

"Ni mimi. Na wewe unafanya nini?"

"Parkour."

"Hiyo? Mbona ngazi mbili?"

"Funga macho," akasema. Nikafumba. Nikangoja. "Bon, fungua." Alikuwa ameshatua mbele yangu. Sikusikia kitu. "Ukisikia miguu yako, umekosa. Mimi nilifanya hivi mwaka muzima mbele ya kugusa ukuta." Kwao "mbele ya" ni "kabla ya".

Nikamuuliza kama huwa anaruka mapaa. Akasema anaruka, lakini kwanza anapanda kwa ngazi, anakagua bati, anagusa misumari, anapima kwa hatua. "Siku yote inaisha ninaangalia. Kuruka ni kidogo sana." Nikamuuliza juu ya gemu. Akacheka. "Ule muntu haangaliaka chini."

Sasa sikia waliokuwa wakitazama. Mwenye duka la kanga aliwaambia wateja wake, "Huyo anajifunza kuingia kwenye nyumba za watu." Vijana wa rika langu wakampigia kelele, "Feki! Ruka paa basi tuone!" Nikajiuliza, wote hawa wamemwona wapi mtu wa namna hii? Mwenye duka alikuwa na mwana aliyekuwa akishinda kwenye lile banda la gemu kule Kasulu. Mwenye duka mwenyewe alichungulia mle mara moja akaona mtu anaruka kuta akikimbizwa na askari. Vijana waliona mtu asiyechoka wala kuumia. Kwa hiyo mmoja alimwona Fiston mwizi na wengine wakamwona mwongo, na hakuna aliyemtazama miguu.

Soko lililofuata mgambo akamkataza kufanya mazoezi pale. Fiston akauliza kosa lake. Mgambo akasema, "Wewe acha tu." Mimi nilikuwa palepale na magongo yangu. Mimi niliyekuwa nikimhoji katekista. Sikuuliza neno. Niliona aibu kusimama upande wa mtu ambaye soko zima limeshamtilia shaka. Jambo hilo linaniuma kuliko kifundo.

Kwa haki niseme, gemu haikunidanganya kwa makusudi. Imetengenezwa kwa ajili ya kidole gumba, na kidole gumba hakina goti. Tena bila gemu nisingewahi kuutazama ukuta nikajiuliza unapitikaje, na swali hilo bado nalipenda. Ila ilinionyesha ile dakika ya kuruka, ikaficha mwaka wa ngazi mbili.

Basi mwanangu, nasaha yangu si ile niliyotumwa. Dada nimemwambia sikukatazi, na safari hii nimeuliza kwa sauti: kosa lake ni lipi? Amenuna, lakini amekubali nije. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi. Tutaegemeza ngazi kwenye lile jengo la jirani, tupande wote wawili, utie mkono kwenye kila bati la paa lile. Likiwa bovu, Jumapili utawaambia wenzako huruki, nao wakikuita feki utasimama uitwe. Hilo nakwambia ni gumu kuliko kuruka. Likiwa zima, bado hutaruka hadi ujue kutua.

Kuanzia leo anza na ngazi za barazani kwenu. Usinitumie video tena. Rekodi sauti ya kutua kwako unitumie hiyo. Nikisikia kishindo, bado.

Mungu akulindie vifundo vyako, akupe subira ya kuangalia chini na ujasiri wa kuuliza wengine wanaponyamaza. Na siku utakaporuka kweli, ardhi ikupokee kimya, nami huku niisikilize sauti yako nisisikie kitu.