Mama Danstan na Wimbo wa Sita

Ukitaka kujua Biharamulo inasikiliza nini wiki hii, usijisumbue na redio. Nenda sokoni, wapite wauza vitenge, wapite wa dagaa, utafika kwenye kibanda cha Clotilda, Mama Danstan, anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Muulize swali moja, atakujibu kumi. Na ole wako umwambie wimbo fulani ni mzuri ukaishia hapo, maana atakukazia macho: "Mzuri wapi? Kwenye maneno, kwenye ngoma, au kwenye sura ya mwimbaji?"

Yule mama ana mdomo, jamani! Kijana akitaka singeli anaingiziwa singeli, lakini haondoki bila kuambiwa kwamba kwenye wimbo wa nne mpigaji alikuwa anakimbizwa na mbwa. Mzee Shibuda, mfanyabiashara wa ng'ombe, haendi mnadani kabla ya kupita pale kuchukua nyimbo mpya za Kisukuma, na kila akija wanabishana mpaka chai inapoa.

"Mama Danstan, huyu manju anaimba bwana!"

"Anaimba, sikatai. Ila anajisifu dakika tisa. Ng'ombe wako watafika Geita yeye bado anataja jina lake."

Mzee hucheka, na wiki inayofuata yuko pale pale. Hata watu wa Bukiriro, kule Ngara, wakipita mjini kwa shughuli zao humtafuta. Wanamwamini kwa sababu hajawahi kusifia kitu kibovu ili auze.

Tena hapimi kwa masikio yake peke yake. Mbele ya kibanda wanakaa akina mama sita wanaochagua maharage ya wafanyabiashara, kila mmoja na ungo wake, wakitoa mawe na punje zilizooza. Albamu mpya ikija, Clotilda huiweka kwenye sabufa bila kutaja ni ya nani, kisha haangalii nyuso, anaangalia mikono. Nyuso zitatabasamu kwa adabu tu. Lakini wimbo ukiwa mzuri, mikono yote inaanza kwenda pamoja, na maharage yanarushwa na kudakwa kwa mpigo mmoja. Ukiwa mbovu, kila mtu anachagua kivyake, na lazima mmoja aulize bei ya nyanya. "Mikono haina unafiki," husema.

Sasa, mdomo huo huo uliompa jina ndio uliomnyang'anya kaka.

Kaka yake mkubwa, Leonidas, ni mwalimu wa kwaya kule kwao Kaniha. Miaka mitatu iliyopita kwaya ilitoa albamu ya kwanza, ikafanyiwa uzinduzi wa haja: maturubai, mgeni rasmi, pilau. Clotilda akaitwa mbele aseme neno, maana nyimbo ndiyo kazi yake. Kila mtu anajua neno la uzinduzi lilivyo. Unasema hongereni, tununueni, Mungu awabariki, unakaa. Yeye akashika kipaza sauti akasema, "Kinanda kimewameza. Hapa anayeimba ni kinanda, ninyi mnamsindikiza. Na kaka yangu sauti inamtoka kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa." Watu wakaangua kicheko. Mgeni rasmi alicheka mpaka akatoa leso. Leonidas hakucheka.

Alilosema lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma. Lakini kweli nayo ina mahali pake, na mahali pake si mbele ya padri, wakwe na sahani za pilau. Tangu siku ile kaka na dada wakawa wanakutana misibani na harusini tu, wakitupiana "habari" kama watu wawili kwenye foleni ya benki. Shikamoo ambayo Clotilda alikuwa akimwamkia tangu utotoni ilikatika, na yeye Leonidas hakuidai. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Clotilda alijiambia kwamba hajali. Uongo mtupu! Gari lolote la Kaniha likiingia stendi alikuwa akinyoosha shingo kuona nani anashuka.

Kwa hiyo Jumanne moja ya Julai, Anneth, binti mkubwa wa Leonidas, aliposhuka kwenye pikipiki na flashi mkononi, moyo wa shangazi yake ulipiga pu!

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko wazima?"

"Wazima. Kuna albamu mpya ya kwaya. Nimetumwa niilete."

"Umetumwa na nani?"

Anneth akayaangalia maharage. "Nimetumwa tu. Ameniambia uipige kama unavyopiga za watu wengine, halafu nimpelekee maneno yako yalivyo, nisipunguze hata moja."

Loo! Clotilda akakaa chini. Akisifia bure, Leonidas atajua. Anamjua dada yake tangu hajaota meno. Akiponda, miaka mitatu itakuwa thelathini. Na akina mama wa maharage hawa hapa, wanamtazama. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani angekuwa anauza vitunguu.

"Haya, lete," akasema, akaichomeka.

Wimbo wa kwanza ulipoanza alitega sikio. Kinanda kilikuwepo, lakini nyuma, kimetulia kama mgeni mwenye adabu zake. Mbele ilikuwa sauti ya Leonidas, wazi, bila pipa. Kumbe alimsikiliza! Mtu amenuna miaka mitatu, na neno la dada yake hakuliacha lidondoke hata moja. Clotilda aliinama akajifanya anatafuta waya, maana macho yalikuwa yameanza kumsaliti.

Wimbo wa pili ukachosha. Mikono ikatawanyika, na Mama Joyceline, mwenye ungo mkubwa kuliko wenzake, akauliza nyanya siku hizi zinauzwaje. Wa tatu mikono ikaanza kutafutana. Wa nne na wa tano, ah, hapo nyungo zilikwenda pamoja kama zimeajiriwa na kwaya, na mpagazi mmoja akasimama na gunia begani akasahau kulitua.

Ukaja wa sita. Hakuna kinanda, ni ngoma moja tu na Leonidas anaimba kwa Kisubi, lugha ya kwao. Clotilda aliutambua kabla mstari haujaisha. Haukuwa wimbo wa kanisani hata kidogo. Ulikuwa wimbo wao wa kupalilia, walioutunga wenyewe wakiwa watoto, mwaka ule karanga za mbegu zilipopotea kwenye chungu. Leonidas alikuwa akiuliza, "Nani kala karanga za mbegu?" na Clotilda akijibu, "Si mimi, ni kunguru!" Kwenye beti inayofuata husingiziwa panya, kwenye ya tatu jirani. Waliokuwa shambani walicheka mpaka majembe yakasimama. Karanga zile alikuwa amezila Clotilda, zote, mbichi. Fimbo ya baba ilimwangukia Leonidas, kwa kuwa ndiye aliyeachiwa chungu, na hakumtaja mtu.

Sabufa ikauliza: nani kala karanga za mbegu? Halafu kimya. Ngoma peke yake, mapigo manne. Ikauliza tena. Kimya tena.

"Hapa pana kosa," Clotilda akasema haraka, kwa sauti yake ya kazini. "Huko studio wamewafuta waitikiaji. Wawarudishe."

"Hawakufuta, shangazi," Anneth akasema. "Tulikuwa watu thelathini pale, tungeitikia vizuri sana. Prodyuza alibishana na baba nusu siku nzima. Baba akagoma. Akasema nafasi ile ina mwenyewe."

Mama Danstan alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza soko la Biharamulo likaona unafunguka bila neno kutoka. Akaurudisha wimbo mwanzo. Ngoma ikaingia, Leonidas akauliza, na yeye, amesimama katikati ya nyaya zake, akajibu:

"Si mimi, ni kunguru!"

Sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayepiga kelele sokoni mchana kutwa. Lakini iliingia pale pale, haikuwahi wala haikuchelewa. Mikono ya akina mama ikasimama yote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kwenye beti ya pili mikono ikaanza tena yenyewe, ikaenda pamoja mpaka mwisho.

"Kumbe unaimba, ukatunyima miaka yote hii!" Mama Joyceline akamwambia. "Tumekufanya nini?"

Anneth alikuwa ameshika simu. "Sasa shangazi, nikamwambie nini baba?"

"Usimwambie kitu. Nipe hiyo simu."

Iliita mara mbili, ikapokelewa. "Haloo?"

"Shikamoo, kaka."



"Marahaba," Leonidas akasema. "Umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza. Wimbo wa pili ni mbovu, utoe."

Anneth akajishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini kwenye simu mtu alikuwa anacheka, polepole, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Nilijua utasema hivyo. Prodyuza ndiye aliyeung'ang'ania. Na wa sita?"

"Wa sita..." Clotilda akaanza, lakini kaka yake akamwahi.

Leonidas hakuimba. Aliuliza tu, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Clotilda, nani kala karanga za mbegu?"

Akina mama waliacha maharage wakasikiliza. Clotilda akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ni mimi, kaka," akasema. "Ni mimi."