Mwalimu Aliyeuliza Mmoja Mmoja

Habari ya kifo chake ilinikuta Geita mjini, kwa fundi wa pikipiki. Aliyenipigia simu ni mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo, mwanafunzi wake wa zamani. "Mwalimu ametutoka," alisema. "Tunazika kesho, Runzewe." Marehemu hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza tuliyezoeana naye kwa kubishana, maana aliisoma safu hii kila wiki na hakukosa la kukosoa. Nimeumia kuliko nilivyotarajia.

Baada ya kustaafu alifungua darasa la jioni kwa wachimbaji, katika chumba alichoazimwa na kanisa. Walitaka Kiingereza cha kusoma maelekezo ya mashine na kuongea na wageni. Siku niliyokwenda kumtazama aliandika ubaoni 'sheep', akauliza ni kondoo wangapi. "Kwenu si mnafuga?" akasema. "Mchungaji akija mbio akakuambia ng'ombe amepotea, unafanyaje?" Mmoja akajibu, "Namrudisha akamtafute." "Na akisema ng'ombe wamepotea?" "Aa, hapo unapigwa mwano wa kuita watu, mwalimu. Kijiji kizima kinatoka." Basi, akasema, jina ni lilelile, kitenzi ndicho kinachokuambia ukae au uinuke: 'the sheep is lost', 'the sheep are lost'. Mzee mmoja akasema kumbe Waingereza nao ni wafugaji wenzetu, darasa likacheka. Kisha akaingia kwenye 'team', ambayo huweza kufuatwa na 'is' au 'are', nao wakamkaba: ipi sahihi? "Inategemea," akasema. "Unaliona kundi, au unawaona watu?" Niliona anakwepa swali.

Jioni nyingine nilifika mapema, nikakuta kikundi kinamalizia kikao chake mlemle darasani, mwalimu akifuta ubao. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na matimba, zile nguzo zinazozuia udongo ndani ya duara, shimo la kuchimbia, yalikuwa yamelegea. Mwenyekiti akafunga kikao: kikundi kimekubali, kesho tunashuka. Wa kwanza kushuka alikuwa bwana mmoja wa upande wa Kahama ambaye mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake. Mwalimu akageuka. "Samahani mwenyekiti, mimi si mwanachama. Nani amekubali?" "Kikundi, mwalimu." "Kikundi hakina miguu ya kushukia. Niruhusu niwaulize mmoja mmoja." Akaanza na yule bwana. "Baba, wewe umekubali?" "Mimi naogopa, mwalimu. Yale matimba siyaamini. Nilidhani wenzangu wote wako tayari." Aliyefuata akasema hata yeye. Ikazunguka hivyo hadi kwa mwenyekiti, ambaye alikiri kwamba jana yake hakupata usingizi.

Sitawaambia kwamba duara liliporomoka kesho yake, kwa sababu halikuporomoka. Walingoja udongo ukauke, wakabadilisha matimba, wakashuka na kupanda salama. Lakini tangu siku ile hawaamui jambo la hatari bila kila mtu kusema kwa kinywa chake, na vikundi vya jirani vimeanza kuiga. Hilo linanipa moyo, maana nchi yetu imejaa maamuzi yasiyo na mwenyewe. Familia imeamua binti aache shule. Kamati imeridhia. Wananchi wamepokea kwa furaha. Ukiuliza ni nani hasa, watu wanatazamana, na mara nyingi unakuta kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake.

Kaburini mwenyekiti alisimama kutoa rambirambi. "Kikundi kimeguswa sana," akaanza, kisha akawatazama wenzake, akarudi kukaa. Akainuka yule bwana wa Kahama, amemshika mkono mwanawe ambaye sasa anatembea. "Mimi nimeumia," akasema. "Mwalimu, wabeja sana," akashukuru kwa Kisukuma. Akafuata mwingine, na mwingine, kila mmoja kwa neno lake. Mvua ilianza kudondoka na hakuna aliyeondoka mpaka wa mwisho aliposema. Nami nilisema langu: kwamba lile swali la 'team' darasani hakulikwepa. Basi, msomaji, leo ukiambiwa mahali kwamba wote wamekubali, mtafute anayetazama viatu vyake, umuulize yeye kwanza.