Mafuta Aliyoyasema Daktari

Wasomaji, kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na ninaandika polepole.

Baba yangu alikuwaga mnene sana, tena ndiye muuzaji wa duka la kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Butiama. Bidhaa zikiadimika, watu waliutazama mwili wake. Kisha debe la mafuta ya kupikia likapotea dukani. Mbele yake hakuna aliyesema neno.

Jambo hilo halijaisha, baba akashikwa na tumbo. Alipelekwa Musoma, akapasuliwa kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, ambacho hata jina lake tulikuwa hatulijui. Aliyemuuguza ni baba mdogo, mkulima wa pamba wa Bunda. Alipokuja kutupa habari alitukuta mimi na mama kisimani, pamoja na akina mama wengine.

"Kidonda hakifungi, kinatoa usaha," alisema kwa sauti. "Daktari anasema shida ni mafuta."

"Ehe!" Jirani mmoja akapiga makofi. "Kumbe hata daktari ameyaona!"

"Debe zima, shoga, lingejificha wapi?" mwingine akadakia.

Walicheka. Mama alijitwika ndoo yake ikiwa nusu. Mimi nilipofika nyumbani niliinusa mitungi yetu, mmoja baada ya mwingine.

Tulikwenda Musoma. Baba alikuwa na mpira ubavuni, unatoa maji. Mama akamwuliza daktari, "Ni mafuta gani uliyosema?"

Daktari alibana nyama ya kiuno cha baba. "Haya hapa, mama. Kwa mtu mnene nyuzi hazishiki vizuri, kidonda huingia usaha upesi, na maji ya kongosho huweza kuvuja. Si wanene wote, ila kwao tunaogopa zaidi."

"Kwani huko nyumbani wanasema mafuta gani?" baba aliuliza.

Mama akamvutia shuka vizuri.

Alipona taratibu, akarudi amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Duka alikuwa amepewa mwingine. Mama aliwaeleza majirani maneno ya daktari, wakasikiliza kwa adabu. Walipotoka nikamsikia mmoja akisema, "Si mnaona? Katolewa dukani, kakonda."

Sasa baba hataki kwenda mikutanoni. Kwa hiyo nawaomba, yeyote ambaye ndugu yake mnene alipasuliwa kongosho, aniandikie kama kidonda chake nacho kilichelewa kupona. Nitawasomea majirani. Kusema kweli, hata mimi nazihitaji barua hizo.