Mstari Mnene wa Kwenda Msumbiji

Nilipopangiwa kazi Nachingwea sikuwa na muda mrefu tangu nitoke chuoni, na nilichokijua kuhusu kusini kilikuwa korosho. Mimi ni mzaliwa wa Singida. Kazi yangu ilikuwa mipango ya usafiri: kujua watu na mizigo yao wanakwenda wapi na kwa njia gani, halafu kushauri barabara ipi ishughulikiwe kwanza. Wengi ofisini walidhani nimeletwa kupanga safari za gari la ofisi. Mhasibu mmoja aliniomba nimpangie usafiri wa harusi ya dada yake. Nikampangia, na bibi harusi akafika kabla ya bwana harusi, na tangu siku hiyo nikaheshimiwa, ingawa kwa kazi ambayo si yangu.

Kwa hiyo barua ya mwaliko wa warsha ilipofika, niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni pa masjala. Siku tano, Ruangwa, kwa wapangaji na wahandisi wa wilaya za kusini. Tungefundishwa kutengeneza modeli ya usafiri kwa kompyuta. Unaipa programu vijiji, barabara na safari za watu, nayo inakuchorea ramani: penye safari nyingi mstari unanenepa, penye chache unakuwa uzi. Kisha unaiuliza, je, nikiweka daraja hapa? Inakokotoa upya na kukuonyesha watu watahamia njia ipi, na kama faida inashinda gharama. Chuoni nilikuwa nimeiona kwenye kitabu tu, kama mtu anayejifunza kuogelea ubaoni. Barua ilisema kila mshiriki aje na takwimu zake mwenyewe. Nilikuwa na wiki mbili.

Nilitafuta watu wanne wa kunijazia fomu. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama aliyepita umri wa makamo, mwenyeji, anayesema Kimwera na Kimakua sawasawa na Kiswahili. Nusu ya watu wa mji alikuwa amewafundisha kusoma, na hiyo ilitusaidia sana, kwa sababu hakuna bodaboda aliyethubutu kumpita mwalimu wake bila kusimama.

Tulikaa kwenye njia panda nje kidogo ya mji, barabara ya Ruangwa inapokutana na njia za vijijini. Masika yalikuwa yamekwisha majuzi tu na ufuta ulikuwa umeanza kuvunwa. Mimi nilihesabu vyombo: baiskeli yenye gunia, guta la mbao, lori, pikipiki yenye mama na tenga la kuku. Mwalimu na wenzake waliuliza maswali. La kwanza kwenye fomu lilikuwa "Unatoka wapi?" La pili, "Unakwenda wapi?" Maswali hayo niliyaandika mwenyewe, na niliyapenda kwa ufupi wake.

Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa na mihogo kichwani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo Mwalimu akamuuliza kwa Kimakua. Bibi akatua mzigo, akaeleza kwa muda mrefu, mkono wake ukielekea kusini tena na tena, na Mwalimu akaandika neno moja. Nilifurahi kuona mtu anazipa fomu zangu heshima kiasi kile.

Siku tatu tulikaa pale. Nilirudi na fomu zilizojaa mfuko wa salfeti, na usoni nilikuwa nimekuwa mwekundu wa vumbi.

Ruangwa tulikutanishwa kwenye ukumbi wenye mapazia ya kijani na feni moja iliyofanya kazi kwa hiari yake. Mkufunzi alikuwa mtu mzima kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye tabia ya kukaa kwenye meza badala ya kiti. Siku ya kwanza alituonyesha modeli ya mji mmoja mkubwa. Alipobonyeza, barabara zote zikajaa rangi, na mimi nikajikuta nimesimama bila kujua. Jirani yangu, mhandisi wa upande wa Ruangwa, akanivuta nikae. Baadaye tulitaniana kwamba nilitaka kuingia ndani ya kompyuta.

Siku ya pili ilikuwa ya kuingiza fomu. Fomu nyingi kwenye swali la kwanza zilisema Msumbiji. Nyingine Newala, Masasi, Tunduru. Chache zilisema Kigoma, Mbeya, hata Mwanza. Niliziingiza moja baada ya nyingine. Nani alijua kwamba njia panda yetu ilikuwa inapitisha safari za mbali hivyo? Niliona nimegundua kitu ambacho watu wa miji mikubwa hawakijui.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, mkufunzi aliunganisha kompyuta yangu na ukuta, akaniambia nibonyeze. Ramani ikakawia kidogo. Kisha kutoka Nachingwea ukatoka mstari mnene kama mkono wa mtu, ukashuka kusini moja kwa moja hadi Msumbiji. Ukumbi mzima ukainuka. Mshiriki mmoja akasema hiyo ni habari ya biashara ya mpakani. Mwingine akaanza kuuliza kuhusu kivuko. Mhandisi wa Ruangwa akanipa mkono kama mtu aliyepata mtoto. Mkufunzi peke yake alikunja uso kidogo, akauliza kama nilikuwa na uhakika, nami nikamwambia fomu zimejazwa na mwalimu wa miaka mingi. Akasema basi ndiyo nitakayoiwasilisha siku ya mwisho, mbele ya wageni wa mkoa.

Chakula sikukigusa. Nilitoka uani nikampigia simu Mwalimu, kwa sababu ushindi ule ulikuwa wake pia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza habari ya mstari kwa pumzi moja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "wewe ukiulizwa unatoka wapi, unajibu nini?"

"Singida."

"Na leo umesafiri kutoka Singida?"

Nilikaa chini kwenye ukingo wa ua. Mwalimu aliendelea kwa upole. Watu wale, alisema, waliulizwa na mtu mwenye fomu wanatoka wapi, wakajibu kama watu wa huku wanavyomjibu mtu wa serikali: kwao ni wapi, wazee wao walitokea wapi. Bibi wa mihogo alikuwa amemsimulia jinsi mama yake alivyomvusha mto wa mpaka wa Msumbiji akiwa mgongoni. Asubuhi ile alikuwa ametoka Ruponda. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani ndilo serikali inalotaka kujua," akasema. "Nikaona ni swali zuri. Hakuna aliyewahi kutuuliza."

Waliojibu Kigoma na Mbeya walikuwa walimu wenzake na wauguzi waliohamishiwa kusini, watu kama mimi. Niliwaza ule mstari ukutani, mnene kama mkono, na watu wote waliokuwa ndani yake, hakuna hata mmoja aliyekuwa safarini. Niliona aibu, aibu iliyonipanda hadi masikioni. Nilifikiria pia kunyamaza. Nasema kweli, nilifikiria, kwa muda wa kumaliza soda. Ramani ilikuwa nzuri, na watu walikuwa wameshanipa mikono.

Kisha nikaingia ndani nikamwambia mkufunzi kila kitu, nikitazama viatu vyake.

Hakukasirika. Aliteremka mezani, akaniomba nirudie maneno ya Mwalimu, akayaandika kwenye daftari lake. Akasema amekuwa akiuliza swali hilohilo kwenye fomu zake kwa miaka, mikoa mbalimbali, na sasa inabidi akazitazame upya. Halafu akauliza njia panda iko umbali gani na kama kuna gari. Ratiba ya siku ya nne ilikuwa mihadhara. Akaifuta ubaoni kwa kiganja, akaandika: kazi ya nje.

Asubuhi ya siku ya nne tulikuwa njia panda, warsha nzima, wahandisi wamevaa mashati ya ukumbini na kushika mbao za kuandikia. Mwalimu, niliyempigia tena simu jioni nikamwomba abadilishe maswali, alikuwa ametangulia. Alikuwa ameshika karatasi yenye maswali mapya kwa mwandiko wake wa ubaoni, na la kwanza lilikuwa "Leo umeamkia wapi?" Chini ya swali la safari alikuwa ameongeza lingine ambalo sikumwomba: "Kwa nini umepita huku?"

Alitupanga wawili wawili, akamkemea mtu mzima wa mkoa jirani kwa kuandika vibaya, na hakuna aliyembishia. Swali jipya lilifanya kazi tangu mtu wa kwanza. Nimeamkia Naipingo, nampeleka mtoto kliniki. Nimeamkia Chunyu, nakwenda Ruponda kwenye msiba. Nimeamkia Ruponda, nampelekea dada yangu ufuta Chunyu. Na kwenye swali la Mwalimu, jibu likaanza kujirudia, kwa vinywa tofauti, kwa lugha tofauti: kule kwenye kijito hakupitiki. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekula kingo za kijito pale kinapovukwa na njia ya vijijini inayounganisha wilaya zetu mbili. Mtu wa miguu alishuka akapanda. Pikipiki yenye gunia haikuweza, wala baiskeli yenye mgonjwa. Kwa hiyo wote walizunguka hadi kwetu.

Njia ile haikuwemo kwenye ramani yangu. Mhandisi wa Ruangwa akasema haikuwemo kwenye yake pia. Tulitazamana tukacheka, kisha tukainama juu ya boneti ya gari la warsha, tukaichora kwa kalamu ya risasi, mwendesha bodaboda akituelekeza kila kona.

Mchana huohuo tuliingiza fomu zote, kila mtu akisoma na mwenzake akiandika, kama watu wanaopura mahindi. Jioni modeli ilipochora, hakukuwa na mkono mnene tena. Kulikuwa na nyuzi nyingi nyembamba zilizovuka mpaka wa wilaya huku na huku, zikikusanyana, zikizunguka mbali, zikirudi. Haikuwa ramani ya kuinua ukumbi. Lakini mimi niliitazama nikawajua watu waliokuwemo.

Siku ya mwisho wageni wa mkoa walikaa mbele. Nilianza na ramani ya kwanza, nikaeleza kosa langu, tena nikasema ni langu na si la Mwalimu, ambaye nilikuwa nimeomba aalikwe na alikuwa amekaa safu ya pili amevaa kanga mpya. Kisha nikaweka ya pili. Mgeni mkubwa, mama mwenye miwani, hakuuliza kuhusu programu. Aliuliza, "Kijito hicho kikipitika, nini kitabadilika?"

Mkufunzi aliniashiria kompyuta kwa kidevu. Basi mbele ya watu wote nikaifungua njia ile kwenye modeli, nikaandika kalvati la kupitisha maji chini ya barabara, nikaandika makadirio ya gharama aliyonitajia mhandisi kutoka kwenye kiti chake, nikabonyeza. Ule mstari wa kusubiri ukaanza kujaa taratibu chini ya skrini. Feni ikazimika.

Nyuzi zikahama. Zile zilizokuwa zikizunguka hadi njia panda ziliachia moja baada ya nyingine, zikaenda kulala juu ya kijito, na pale katikati, mahali ambapo asubuhi ya jana hapakuwa na njia kwenye ramani yoyote, pakanenepa. Faida ilishinda gharama, wala si kwa tofauti ndogo. Mwalimu alipiga kofi moja, akalizuia la pili. Mama mwenye miwani akasogea hadi ukutani, akagusa kile kijito kwa kidole, akauliza kina chake. Hakuna aliyekijua.

Wiki iliyofuata mimi na mhandisi wa Ruangwa tulikwenda kukipima. Tulikuwa na futi ya kamba, ufito wenye alama za vipimo, na buti za mpira, zangu zikiwa za kiume na kubwa. Wanawake waliokuwa wakifua walituachia nafasi. Tulipomaliza kupima tukapanda ukingoni tukiridhika, na mmoja wao akatuuliza kama kalvati letu litakuwa pale chini tulipopima. Tukamwambia ndiyo. Akatupeleka kwenye mti uliosimama juu kabisa, mbali na maji, akatuonyesha tope lililokauka kwenye gome, usawa wa kifua chake. Machi, alisema, maji hufika hapa.

Mhandisi alivua kofia. Tukarudi chini tukaanza kupima upya, safari hii na yule mama akishika ncha moja ya futi. Makalvati yaliyojengwa kiangazi cha mwaka uliofuata ni matatu, makubwa kuliko tuliyoyachora kwanza, na yalipimwa kwa alama ya tope aliyotuonyesha. Masika ya kwanza maji yalipita juu ya moja tu, kwa siku mbili, kisha barabara ikafunguka.