Koti Lililokatazwa Kufa

Saa tatu asubuhi, lori la kampuni ya picha za senema linanguruma mbele ya nyumba moja ya udongo huko Kikwajuni, na dereva anapiga honi mpaka kuku wanakimbilia uani. Bi Mwanapili Simai habanduki kizingitini. Amekaa kwenye mkeka, cherehani ya mkono iko mbele yake, anashona pindo la suruali ya askari. Nyuma yake mlango wa chumba umetiwa kufuli, na humo ndani zimo nguo za jeshi zima linalosubiriwa msituni Jozani kupigwa picha ya kurudi kutoka vitani na ushindi.

"Kamwambie bwana wako leo jeshi halitoki," anamwambia dereva bila kuinua uso. "Na honi hiyo iache, jirani ana mgonjwa."

Dereva anazima gari. Anamjua. Kila aliyefanya kazi naye miezi hii miwili anamjua: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sauti kubwa, hana subira na mtu anayemuuliza jambo mara mbili. Mwandishi wa habari hizi alimuuliza jambo mara mbili, akajuta.

Kampuni hiyo ilikuja Unguja kutoka ng'ambo kupiga picha ya vita vya Bama, kule Asia walikopigana na Wajapani. Jozani ndiyo Bama yenyewe. Walikuja na kamera, viti vya kukunja na sigara nyingi. Nguo za askari hawakuja nazo. Kuzikodi Nairobi waliona ghali, wakauliza ni nani hapa mjini anayeweza kuvisha jeshi kwa bei ya bure. Wakaoneshwa Bi Mwanapili, aliyekuwa akiwashonea watu wa ngoma ya beni makoti yao ya gwaride.

Wakampa shilingi tatu kwa siku, na uzi anunue mwenyewe.

Kwa shilingi hizo akavisha jeshi. Alinunua marobota mawili ya kafa Ulaya, nguo kuukuu za watu asiowajua, akazichemsha kwa magome ya mkoko mpaka zikashika rangi ya kaki. Palipopungua nguo alishona magunia ya mchele, akawaweka wavaaji safu ya nyuma. Kofia za vyuma za maadui ni vibuyu vilivyokatwa katikati na kupakwa masizi. Bunduki zilichongwa kwa msufi na seremala wa Mwembetanga, zikasuguliwa kwa mkaa na mafuta ya nazi. Viatu walivaa wa mbele tu. Waliobaki walipakwa masizi miguuni.

"Mzungu akaja, akatazama, akapiga makofi," anasema. "Nkamwambia, makofi hayanunui uzi."

Hata damu ni yake. Aliponda mbegu nyekundu za mzingefuri, akazikanda na asali mpaka zikawa nzito.

Lakini kamera ikija karibu haidanganyiki. Mkuu wa picha alitaka walau koti moja la kweli, la askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, lenye vifungo vyake vya shaba, avae mtu wa mbele. Bi Mwanapili akazunguka nyumba za watu waliokwenda vitani. Moja alilikuta limefunika cherehani. Jingine limekuwa tandiko la mtoto. Jingine limevishwa kijiti shambani, linatisha kima. Zima lilikuwa moja tu, Mwembeladu, kwa Bi Time Mcha.

Mume wa Bi Time, Ame Bakar, aliingia Keya akapelekwa Bama. Likizo yake ya mwisho aliliacha koti hilo nyumbani. Vita vilipokwisha wenzake walirudi. Yeye, serikali ilisema, hajulikani alipo. Basi. Serikali imesema hivyo zaidi ya miaka kumi sasa, na haijaongeza neno.

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa, lakini huenda gazeti likafika mbali. Kwetu mtu akifa anaoshwa, anavishwa sanda, anazikwa, na nguo zake zinatolewa sadaka. Ame hakuoshwa na mtu. Kwa hivyo nguo zake hazikutoka, na Bi Time hakukaa eda. Jamaa walimshauri, wachumba walikuja, wote aliwajibu kwa adabu na wote walikwenda zao.

"Nlimwamkia, shikamoo Bi Time. Marahaba. Nkamwambia nimekuja kuazima koti," anasimulia Bi Mwanapili. "Nkaona uso umeniiva, nkataka kuondoka. Akaniambia, kaa. Akafungua kasha. Koti limekunjwa na karafuu ndani. Akasema, 'La mwenyewe hili, Mwanapili, mimi mtunzaji tu. Chukua. Lakini atakayelivaa asife. Wenziwe na wafe, ni mchezo. Huyu asife.'"

Bi Mwanapili akatoa ahadi. Akamchagua Borafya, mchukuzi wa Malindi, kwa kuwa mabega yake yalilijaza koti sawasawa, akamwapisha. Akamwambia pia Muhiddin, karani wa kampuni anayefasiri, amfahamishe mkuu wa picha. Muhiddin akaitikia naam.

Siku ya mapigano, adhuhuri ilipoingia, Bi Mwanapili alikwenda kusali. Huku nyuma mkuu wa picha alimtazama askari aliyepangwa kufa, akaona mishono ya gunia inaonekana. Akamtoa. Akanyoosha kidole kwa Borafya: yule, mwenye koti zuri, ndiye afe.

"Nkakataa," anasema Borafya. "Nkamwambia Muhiddin, mwambie koti hili halifi. Wakasemezana kizungu. Mzungu akapiga kelele. Muhiddin akanambia, anguka bwana, utatufukuzisha sote. Nna watoto. Nkaanguka."

Mwandishi huyu alimfuata Muhiddin kumuuliza alifasiri nini. Alitazama viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Nilimwambia kachoka," alisema. "Niliona haya. Vipi nitamwambia mzungu habari za koti lisilokufa? Angetucheka. Na tangu mwanzo sikumwambia."

Aliona haya! Haya ya kuchekwa na mgeni ilimshika, haya ya kuvunja amana ya mwanamke wa mtaa wa pili haikumshika. Watu kama hawa tunao wengi mjini siku hizi, wana kalamu mfukoni, na kila wanalolijua la kwao wanalificha chini ya meza mgeni akiingia.

Bi Mwanapili alirudi kutoka kusali akaikuta damu aliyoikanda kwa mikono yake kifuani mwa koti la Ame. Alilifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Mzingefuri hautoki. Doa limebaki, rangi ya machungwa, ukubwa wa sahani ya chai.

Alipokwenda kudai kipande hicho cha picha kitupwe, alijibiwa kwamba ndicho kizuri kuliko vyote, na kwamba kampuni iko tayari kumnunulia mwenyewe koti jipya. Jipya! Yaani walidhani msiba wa Bi Time ni kukosa koti. Na picha itakapokuja kuoneshwa hapa mjini, siku ya wanawake pale senema, atakaa na buibui lake katikati ya jirani zake, amwone aliyevaa nguo za mumewe akiuawa, wenziwe wakila njugu.

"Mimi ni mshonaji," anasema Bi Mwanapili. "Nikivunja amana haniazimi mtu hata sindano. Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba yeye alinambia jambo moja tu."

Jana alikwenda Mwembeladu kusema kweli. Mwandishi alikuwapo barazani. Bi Time, mwembamba, mpole wa maneno, alilipokea koti, akalitandaza mapajani, akapitisha vidole juu ya doa.

"Alianguka?" aliuliza.

"Alianguka, Bi Time. Unisamehe."

"Kisha akainuka?"

Bi Mwanapili hakuelewa mara moja. "Nani, Borafya? Akainuka, akajipangusa. Akala wali."

Bi Time alilikunja koti, akamrudishia.

"Basi na waoneshe anavyoinuka," alisema. "Wasikatize pale."

Ndiyo sababu leo mlango una kufuli. Hapana mshahara atakaopewa kwa siku hii, na wameshamtisha kumnyima wa nyuma. Amesema na wanyime. Jeshi halitavaa nguo mpaka Borafya alale tena pale pale, na koti lile lile, doa lile lile, kisha ainuke mbele ya kamera aondoke kwa miguu yake. Baadaye anataka kumchukua Bi Time mwenyewe senema, amlipie tiketi, wakae safu ya mbele.

Karibu na saa nne gari dogo linasimama nyuma ya lori. Mkuu wa picha anashuka, uso umemwiva kwa jua na hasira, Muhiddin nyuma yake. Mlangoni kwa Bi Mwanapili wameshakusanyika wanawake wa mtaa, mikono viunoni. Mgeni anasema kwa kirefu, akimwonesha Bi Mwanapili saa yake ya mkononi.

"Anasema," Muhiddin anafasiri, sauti chini, "yule askari kapigwa risasi ya moyo. Keshakufa. Anasema maiti hainuki."

Bi Mwanapili anaweka sindano chini.

"Muulize," anasema, "nani alimwosha? Na safari hii, Muhiddin, mfasirie nlivyosema."

Muhiddin anamgeukia mzungu, na anamuuliza.